Kitabu Kipi cha Kujifunzia Kiarabu?

 

Msikiti wa Jamia hapa katikati ya Nairobi ulikamilika mwaka 1933, na mpaka leo ndiko wanakokutana Ijumaa watu wa Mombasa, Lamu na Malindi walioletwa na kazi katika mji huu. Baada ya sala wengi husimama penye wauza vitabu wakauliza: kitabu kipi kitanifunza Kiarabu nyumbani, bila ya mwalimu? Muuzaji naye humpa kile alicho nacho kingi. Katika darsa yetu ya Kawangware yuko mzee mmoja mwenye vitabu sita vya namna hiyo, na vyote vimekunjwa ukurasa wa kumi na mbili.

Hatumcheki, maana nasi tulipotea kwa njia nyingine. Utotoni tulihifadhishwa Ajurrumiyya ya Ibn Ajurrum wa Fes, aliyefariki mwaka 1323. Tuliweza kueleza kwa nini neno hili lina dhamma na lile lina fat-ha. Walakini siku alipotujia mgeni kutoka Sudani akatuuliza njia ya kituo cha basi, tulimwonyesha kwa kidole kama mabubu. Si kosa la kitabu. Kile kimetungwa kifupi ili kihifadhiwe, na mwalimu akae mbele ya mwanafunzi akifungue jumla baada ya jumla. Mwenye kukisoma peke yake amepewa ufunguo, nyumba hakuonyeshwa.

Basi kabla ya kuuliza kitabu, yatupasa kuuliza: wakitaka Kiarabu kwa haja gani? Hapa hatuna budi kusema jambo linalotuuma.

Miaka michache iliyopita alitujia binti mmoja wa Kawangware aliyepata kazi ya nyumbani Saudia, akataka kujifunza lugha kabla ya kusafiri. Nasi, kwa kuwa kila aulizaye Kiarabu twamdhania ataka Kurani, tukampa kitabu cha nahau na tukamsifu kwa bidii yake. Akasoma miezi minne, akaenda. Baada ya muda akatuletea ujumbe wa sauti kwa simu. Akisema yeye, wanamfahamu, ijapokuwa hucheka kwa kuwa asema kama khatibu juu ya mimbari. Wakisema wao, hana alifahamulo. Sisi tulimfunza “uridu”, yaani nataka. Wao husema “abgha” au “abi”. Tulimfunza “al-aana”, yaani sasa. Wao husema “alhin”. Siku walipozungumza mbele yake juu ya mshahara wake na tarehe ya kurudi, aliyasikia maneno yakipita, akatikisa kichwa kukubali asichokijua. Ndugu zetu, kosa hilo ni letu, hatuna wa kumtupia.

Aendaye Ghuba kwa kazi ahitaji kwanza sauti za watu wa huko. Amtafute aliyerudi, nao ni wengi, wako Kangemi na Kibera, wako na Mombasa. Akae naye, amwulize maneno ya jikoni, ya maradhi, ya mshahara na ya pasi, ayaandike katika daftari na kuyarikodi katika simu yake. Kitabu cha nahau kitamngoja.

Ama atakaye kuifahamu Kurani na hotuba, huyo ana vitabu vizuri. Sisi twapendelea Durus al-Lugha al-Arabiyya cha Dkt. V. Abdur Rahim, mwanachuoni wa Kihindi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961. Kina juzuu tatu. Huanza kwa kuonyesha kitu na jina lake, na kanuni huja kidogo kidogo ndani ya mifano. Aibu yake kwa msomaji wa peke yake ni kwamba kimeandikwa kwa Kiarabu kitupu. Basi atafute pamoja nacho ufunguo wa mazoezi, ambao upo kwa Kiingereza. Kingine ni Al-Arabiyya bayna Yadayk, chenye mazungumzo, picha na sauti zilizorikodiwa. Chochote katika hivi viwili chatosha, maadamu ni kimoja. Kabla ya kulipa, fungua somo la tatu usome kwa sauti palepale: ukifahamu nusu, ni chako, usipofahamu hata neno, kirudishe.

Kamusi ya Hans Wehr, iliyotoka kwa Kijerumani mwaka 1952 na kwa Kiingereza mwaka 1961, ni nzuri, lakini si ya mwezi wa kwanza. Maneno yake yamepangwa kwa mizizi. Atafutaye “maktaba” chini ya mim hataiona. Iko chini ya kaf, ta na ba.

Na hapa mtu wa pwani ana hazina asiyoijua. Huyo husema kitabu, katibu na maktaba tangu utoto. Husema elimu, mwalimu na maalumu. Husema safari na msafiri. Mizizi ile imo kinywani mwake bila ya kulipa senti! Ayaandike maneno hayo kwa mafungu, naye ataona nusu ya somo amekwisha kulijua. Illa ajihadhari, kwani maneno mengine yalipovuka bahari yalibadili maana. Katika sura ya 64, aya ya 15, mali na watoto wameitwa fitna. Mswahili asomaye kwa Kiswahili chake ataona wanawe wameitwa wachongezi, kumbe muradi ni mtihani. “Ajal” nayo ni muda uliowekwa, si gari kupinduka. Katika jambo hili tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, iliyotolewa hapa Nairobi na Islamic Foundation mwaka 1969, ni msaada mkubwa: aya iko mbele yako, na Kiswahili chake kando.

Lisilopatikana katika kitabu ni sikio la mwalimu. Sisi wa pwani twajivunia dhal na ghayn zetu, lakini qaf hutushinda. Na atamkaye kalb mahali pa qalb amegeuza moyo kuwa mbwa. Programu za simu zafaa kupitishia wakati katika matatu iliyokwama Waiyaki Way, na hatuzikatazi. Lakini nyingi hukupa alama kwa kubofya picha, wala hazijui umetamka nini. Nusu saa kwa wiki mbele ya mtu mwenye kusahihisha yatosha.

Mwezi uliopita alikuja darsani mdogo wake yule binti. Safari hii tulimwuliza kwanza: “Mwanangu, wakitaka Kiarabu kwa haja gani?” Akasema ataka kuifahamu Suratul-Mulk, ambayo mama yake huisoma kila usiku bila ya kujua maana. Tukampa juzuu ya kwanza ya Durus, tukamwambia aje Jumapili baada ya Alasiri na daftari tupu.