Mwanamke Aliyegusa Vazi la Bwana



Injili ya Dominika ya 13 ya Mwaka B, katika sura ya 5 ya Mtakatifu Marko, yatupa habari za wagonjwa wawili. Mmoja ni binti wa Yairo, mkubwa wa sinagogi, naye alikuwa na umri wa miaka 12. Wa pili ni mwanamke ambaye hatukuambiwa jina lake; huyo alikuwa ametokwa damu muda wa miaka 12. Basi mwaka ule binti alipozaliwa, mwanamke huyu alianza kuugua. Mmoja alikua nyumbani kwa baba mwenye heshima, akipendwa na wote. Mwenzake alidhoofika polepole kwa ugonjwa usiotajwa mbele za watu.

Yafikirini mateso yake. Mali yake yote ilikwisha kwa waganga, wala hakupata nafuu, bali hali yake ilizidi kuwa mbaya. Tena, kwa sheria ya kitabu cha Walawi, sura ya 15, mwanamke wa namna hiyo alihesabiwa kuwa si safi. Kitanda alicholalia na kiti alichokalia vilihesabiwa vivyo hivyo. Kwa hiyo alichukua mizigo miwili: maradhi ya mwili, na kutengwa na watu. Ndiyo sababu alikuja kwa nyuma, kwa siri, akaligusa vazi la Bwana, akapona.

Kama Bwana wetu angetaka kuuponya mwili tu, angeendelea na safari yake, maana Yairo alikuwa na haraka na mtoto alikuwa mahututi. Lakini Yesu alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa. Kwa nini? Hakutaka kumfedhehesha. Alitaka mama yule atoke katika maficho yake, aseme kweli yote, na umati wote usikie akiitwa binti. Mzigo wa kwanza uliondoka alipogusa. Wa pili uliondoka aliposema na kupokewa. Hilo ndilo fundisho letu: ugonjwa wa mwanamke si aibu, na mtu amlazimishaye mwanamke kuuficha anafunga mlango ambao Bwana mwenyewe ameufungua.

Tuutazame sasa mji wa Yangambi, ulio ukingoni mwa Mto Kongo, kilomita zipatazo 100 kutoka Kisangani. Watu wa huko, Waturumbu na Walokele na wengine waliokuja kufanya kazi, wamezoea kuona mimea ikitunzwa kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, ambayo leo ni INERA, na Yangambi ikawa kituo chake kikuu cha utafiti. Hapo mabwana shamba walichunguza michikichi na mibuni, wakitazama majani, shina na mizizi. Hawakungoja mti uanguke. Mkulima wa kahawa ajua ugonjwa wa kunyauka ulivyoharibu mashamba yetu. Ajua pia kwamba atazamaye mapema huokoa shamba, na achelewaye hukuta kuni. Bwana wetu alifundisha kwamba sisi tu bora kuliko shomoro wengi. Je, mama wa nyumba si bora kuliko mchikichi? Mbona basi twautazama mchikichi kila juma, na mama tunangoja mpaka aanguke?

Nitataja magonjwa matatu, bila kuficha, maana Maandiko Matakatifu nayo hayakuficha.

La kwanza ni fistula, yaani nasuri ya uzazi. Mama akipatwa na uchungu wa siku mbili au tatu na mtoto asiweze kupita, kichwa cha mtoto hubana nyama zilizo kati ya kibofu na njia ya uzazi. Damu haifiki pale. Nyama hufa, na tundu hubaki. Mara nyingi mtoto hufa, na mama hutokwa mkojo mchana na usiku, pengine na choo pia. Watu husema amerogwa, au amelipwa kwa dhambi zake. Hapana. Alikosa msaada kwa wakati wake. Huyo ndiye mwanamke wa Injili katika siku zetu, akaaye peke yake nyuma ya nyumba kwa sababu ya harufu. Lakini fistula yazuilika, na wengi hupona wakipasuliwa na daktari aliyefundishwa kazi hiyo.

Katika nchi yetu twamjua Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kiprotestanti wa Bukavu. Akiwa daktari kijana katika hospitali ya Lemera aliona jinsi wanawake walivyoteseka kwa kukosa msaada wakati wa kuzaa, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza utabibu wa wanawake. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu, ambako wanawake wengi walioharibiwa kwa uzazi mgumu, na wengine kwa ukatili wa vita, wametibiwa. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Irak. Ulimwengu ulimheshimu kwa sababu alisimama njiani, kama Bwana alivyosimama, kwa ajili ya wale waliokuwa wakipitwa.

La pili ni kansa ya mlango wa kizazi. Karibu kila mara huletwa na virusi viitwavyo papiloma, ambavyo hupita kati ya mume na mke. Vimeenea mno, hata watu walio wengi huvipata wakati fulani maishani. Kwa hiyo mtu asimhukumu mgonjwa kuwa ni mzinzi, maana hata mke mwaminifu aweza kuugua. Kansa hii haiji kwa siku moja. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kukua, ila kwa mwanamke mwenye virusi vya ukimwi asiyetibiwa huenda kwa haraka zaidi. Miaka hiyo yote ni muda wa rehema tuliopewa. Muuguzi aweza kupaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi, na palipoharibika huonekana peupe. Napo hutibiwa kwa baridi kali au kwa joto kabla kansa haijazaliwa. Mwanamke aliyefikia miaka 30 na apimwe, hata kama haoni maumivu. Mwenye virusi vya ukimwi aanze akiwa na miaka 25. Na aonaye damu baada ya tendo la ndoa, au kati ya hedhi na hedhi, au baada ya hedhi kukoma, asingoje hata juma moja.

Iko pia chanjo, ambayo Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri wapewe wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mwaka 2020 Shirika hilo liliziwekea nchi zote lengo la kufikia mwaka 2030: wasichana 90 katika 100 wachanjwe kabla ya miaka 15; wanawake 70 katika 100 wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45; na wagonjwa 90 katika 100 watibiwe. Hapo twawaona tena wale wawili wa Injili wakisimama pamoja: binti wa miaka 12 apate chanjo pale inapofika, na mama apimwe.

La tatu ni ugonjwa wa titi. Si kila uvimbe ni kansa. Mama anyonyeshaye aweza kupata uvimbe wenye joto na maumivu unaopona kwa dawa. Lakini uvimbe mgumu usiouma ndio unaowadanganya wengi, kwa kuwa hauumi. Ngozi ikibonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu ikiingia ndani au kutoa damu, twende kwa daktari. Kanisa limezoea kumwomba Mtakatifu Agata, bikira na shahidi wa Sisilia wa karne ya 3, ambaye mapokeo yasema alikatwa matiti kwa ajili ya imani. Sikukuu yake ni tarehe 5 Februari. Tumwombe, na siku hiyo hiyo mama amwoneshe muuguzi lile alilolificha.

Wengine watasema: Kwani sala haitoshi? Soma kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38. Afundisha kwamba Mungu ndiye aliyemwumba tabibu na kuzitoa dawa katika nchi, tena amwagiza mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake. Asaliye na kukataa tabibu amegawanya vitu ambavyo Mungu ameviunganisha. Na wengine watauliza ni dhambi gani iliyoleta ugonjwa. Wanafunzi waliuliza hivyo juu ya kipofu tangu kuzaliwa, katika sura ya 9 ya Mtakatifu Yohane, naye Bwana aliwakatalia.

Enyi waume, siku ya ndoa mliahidi uaminifu wakati wa afya na wakati wa ugonjwa. Mume amrudishaye mke kwa wazazi wake kwa sababu ya fistula au kansa amelivunja neno alilolisema mbele ya altare. Uchungu ulioanza asubuhi, jua likatua na mtoto hajazaliwa, usingoje mashauri ya wazee: tafuta mtumbwi, tafuta pikipiki, umpeleke mkeo. Afadhali zaidi, weka akiba mapema, naye akae karibu na hospitali kabla siku zake hazijatimia.

Enyi akina mama, wafundisheni binti zenu majina ya mambo haya, wasije wakafa kwa kukosa neno la kumwambia muuguzi. Nanyi makatekista na wazee wa jumuiya, ulizeni ni nani asiyeonekana tena kwenye Misa. Pengine hakuiacha imani. Pengine aona haya kukaa karibu na wenzake. Mwendeeni, mleteni, mwekeeni nafasi kwenye benchi, tena mbele.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyesimama njiani kwa ajili ya mwanamke mmoja, utusimamishe na sisi tunaopita kwa haraka. Wape mama zetu ujasiri wa kusema, waume zao moyo wa kubaki, matabibu mikono ya huruma, na jumuiya zetu masikio ya kusikia. Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee. Amina.