Je, Taabu Humkuza Mtu?

Huko Butembo na Beni, kijana aliyetoka katika dhiki akipata sifa mbele ya mataifa, wako wasemao: "Taabu ndiyo iliyomkuza." Neno hili lafariji, lakini yafaa lipimwe, maana likiwa la uongo huwadhuru watoto.

Na utazamwe mfano wa Emmanuel Jal, mzaliwa wa Sudani ya Kusini. Vita vilimnyang'anya mama yake. Naye, angali mtoto, akafundishwa kushika bunduki. Baadaye alitoroka pamoja na watoto wapatao 400. Kwa masimulizi yake, njaa na kiu ziliwaua wengi, wakafika wachache sana. Ndipo alipokutana na Emma McCune, mwanamke Mwingereza mtoa misaada, ambaye alimpeleka Kenya kwa ndege, kwa siri, ili apate kusoma. Emma alikufa Nairobi mwaka 1993 kwa ajali ya gari, na rafiki zake wakaendelea kumsaidia mtoto. Mwaka 2005 wimbo wake "Gua", maana yake amani, ulipendwa mno nchini Kenya. Hivyo alijulikana mbali kwa uimbaji uitwao rap, yaani kutamka mashairi kwa kufuata mdundo.

Sasa na iulizwe: wale waliokufa njiani hawakuionja taabu ile ile? Waliionja, tena kuliko yeye. Kama taabu ingalikuwa na nguvu ya kukuza, wote wangalikua. Basi kilichomtenga Jal na wenzake si taabu, bali ni mkono alionyoshewa, pamoja na bidii yake mwenyewe baada ya kuushika.

Labda mtu atajibu kwamba nyimbo zake zimetoka vitani. Ni kweli, vita vilimpa la kusema. Lakini nyumba ikiungua, na mwenyewe akaijenga upya, asifiwaye ni mjenzi, si moto. Mithali yasema: Baada ya dhiki, faraja. Haisemi kwamba dhiki ndiyo mama wa faraja.

Tofauti hii si ndogo. Katika nchi ya Beni, ambako mauaji yamewakimbiza watu vijijini mwao tangu mwaka 2014, wako watoto waliochukuliwa na makundi yenye silaha, kisha wakarudi. Aaminiye kwamba taabu hukuza huwatazama tu, akingoja dhiki imalize kazi yake. Ajuaye kweli huuliza: nani atampa mtoto huyu mahali pa kulala? Nani atakaa naye darasani bila kumwita muuaji?

Jal mwenyewe hakusahau deni lake lilikuwa kwa nani. Alipokwisha kupata jina, alikula mara moja tu kwa siku, kwa muda wa siku zaidi ya 600, ili zipatikane fedha za kujenga shule huko Leer, kwa ukumbusho wa Emma.