Je, Ni Haki Kumuua Kinyonga ili Apewe Jina?

Nyumbani kwetu, karibu na msitu wa Nyungwe nchini Rwanda, kinyonga anaitwa uruvu, na wengi wanamwogopa. Bibi yangu hakutaka hata aonekane uani. Sisi watoto tulimpiga mawe mpaka akafa, na hakuna mkubwa aliyetukemea.

Nilipofika chuoni nikasoma kwamba mwaka 2017 wataalamu walitangaza spishi mpya tatu za vinyonga katika milima ya kwetu: mmoja wa Itombwe huko Kongo, mmoja wa Kigezi nchini Uganda, na mmoja wa milima ya Rugege, ambayo Rwanda na Burundi zinaigawana. Huyu wa tatu anaitwa Kinyongia rugegensis. Tazama jina la kwanza: limetoka katika Kiswahili chetu.

Kwa zaidi ya miaka 100 hao watatu walihesabiwa kuwa kitu kimoja na kinyonga aliyeelezwa mwaka 1912 na kupewa jina la mtawala wa Kijerumani, Adolf Friedrich. Kwa macho wanafanana mno. Ili kuwatenganisha ilibidi kupima miili, kuchunguza magamba na kulinganisha vinasaba. Tena jina jipya huhitaji shahidi: mwili mmoja unaoteuliwa, kutiwa dawa usioze, kisha kuhifadhiwa katika spiriti, ili yeyote mwenye shaka aende akautazame. Kwa kawaida mwili huo ni wa mnyama aliyeuawa kwa kazi hiyo.

Wapo wanaosema picha na tone la damu vinatosha. Mwaka 2005 kima aitwaye kipunji, wa kusini mwa Tanzania, alielezwa kwa picha, kwa sababu walio wachache hivyo hawapaswi kuuawa. Naheshimu uamuzi huo. Lakini baadaye kipunji mmoja alinasa katika mtego wa mkulima akafa, na ni mwili wake uliowaonyesha wataalamu kwamba hata jenasi waliyomweka haikuwa yake. Picha hujibu maswali ya mpigaji tu. Mwili hujibu hata swali la mtu ambaye hajazaliwa.

Basi naona kuua wachache kunaweza kuwa halali, ila sikubali sababu inayotolewa haraka, kwamba jina humlinda mnyama. Mwaka 1999 mjusi mmoja wa kusini mwa China, Goniurosaurus luii, alielezwa pamoja na mahali anapopatikana. Wafanyabiashara wa wanyama wa kufuga wakafuata maelezo hayo, na katika eneo hilo la kwanza akamalizwa kabisa. Jina lilikuwa ramani ya mwindaji.

Kwa kinyonga mwenyewe hakuna tofauti kati ya jiwe langu na sindano ya mtaalamu. Tofauti iko kwetu. Mimi niliua nikaenda kucheza, wala hakuna aliyenidai kitu. Aliyeua ili ajue amechukua uhai kwa ahadi, na ahadi hudaiwa. Anadaiwa aeleze kwa nini wanne na si arobaini. Anadaiwa afikirie nani atasoma jina la kilima alichokiandika. Na anadaiwa, jambo ambalo nadhani hufanywa mara chache sana, arudi kwa watu wanaoishi kando ya msitu awaambie alichokipata. Mimi nilizaliwa hapo, na habari za kinyonga wa kwetu nilizikuta maktaba.

Likizo iliyopita nilimsimulia Bibi. Aliuliza swali moja: yule waliyemchukua yuko wapi sasa? Nikamwambia yuko ndani ya chupa. Akanyamaza kidogo, akaendelea kuchambua maharage.