Kosa Bila Mkosaji

Picha ni safi kabisa. Mtangazaji wa habari anafungua mdomo na kuufunga, maandishi yanapita chini ya skrini, lakini spika haitoi hata mkwaruzo. Mwenye kompyuta amefungiwa kadi ya TV jana tu, na tangu hapo hata nyimbo alizokuwa akizisikiliza kila siku zimekufa ganzi. Fundi anafungua kasha na kuichomoa kadi ya TV: muziki unarudi. Anairudisha, anaichomoa kadi ya sauti, anachomeka spika moja kwa moja kwenye tundu la kadi ya TV: mtangazaji anasikika vizuri. Kila moja ikiwa peke yake ni nzima. Zikikaa pamoja, kimya.

Ipi mbovu?

Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kadi za TV zilipokuwa fahari ya kompyuta za nyumbani, mafundi waliulizwa swali hilo na wengi wakalijibu harakaharaka kwa kuitupia lawama kadi iliyokuja mwisho. Mgeni ndiye mwizi. Lakini swali lenyewe ni la kale kuliko umeme, na limewasumbua wanatheolojia na wanafalsafa kwa karne nyingi: je, kila baya linalotokea lazima liwe na mwenyewe?

Kwanza mambo yenyewe. Kifaa kinapotaka kuhudumiwa, hukiomba chombo kikuu cha kompyuta, yaani prosesa, kiache kidogo kinachofanya na kukisikiliza. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na njia 8 tu za kupitishia maombi hayo, ambazo mafundi wanaziita IRQ. Mwaka 1984, katika PC/AT, zikaongezwa hadi 15 zinazoweza kutumika. Saa ya ndani ilichukua namba 0, kibodi namba 1, diski laini namba 6. Kadi za sauti za Sound Blaster zilizoea namba 5 au 7, na namba 7 ilikuwa na mwenyewe tayari: printa. Katika sloti za kompyuta hizo za kale, yaani matundu ya kuchomekea kadi, vifaa viwili kwa kawaida havikuweza kutumia njia moja. Mfumo mpya wa sloti, PCI, ulioletwa na Intel mwaka 1992, uliruhusu ushirika, ila kwa sharti: ombi linapofika, kila draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ijiulize kama ni la kifaa chake, na kama si lake, impishe anayefuata. Draiva moja ikipuuza sharti hilo, jirani yake anakosa huduma, na jirani ndiye atakayeonekana mbovu.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alieleza njia ambayo fundi wetu ameitumia bila kumsoma: linganisha hali mbili zinazofanana kwa kila jambo isipokuwa moja, na hilo moja ndilo linalohusika na tofauti. Ndiyo maana kadi zinachomolewa moja moja. Lakini Mill huyohuyo alitahadharisha jambo ambalo wengi hulisahau. Mtu akila chakula fulani akafa, watu husema chakula ndicho kilichomuua; kumbe chakula, afya ya mwili wake na hali nyingine zote za saa ile kwa pamoja ndizo zilizoleta kifo. Sisi huchagua sharti moja katika kundi zima na kulivisha jina la sababu, mara nyingi kwa kuwa ndilo lililotokea mwisho. Kwa fundi, jaribio la kuchomoa limemtia hatiani kila mshukiwa kwa zamu, kisha likamwachia huru kila mmoja.

Hapo ndipo mafundi wengi huingia katika tiba isiyo na maelezo. Hamisha kadi, iweke sloti ya tatu. Mara nyingi sauti hurudi. Kwa nini? Fundi hunyanyua mabega. Kwenye mbao mama (motherboard) nyingi za wakati ule, sloti ya kwanza ya PCI iligawana njia moja na kadi ya picha, na sloti nyingine ziligawana na vifaa vingine vilivyobandikwa kwenye ubao. Kuhama sloti ni kubadili jirani. Lakini anayejua hivyo na asiyejua wote wanatoa tiba ileile, na mteja hulipa bei ileile.

Imam Al-Ghazali angemwelewa fundi huyo. Katika kitabu alichowapinga wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa cha mwaka 1095, alitoa mfano wa pamba na moto: tunaona pamba ikigusana na moto, tunaona ikiungua, lakini macho hayajawahi kuona kwamba moto ndio unaounguza. Tunachokiona ni mambo mawili kuandamana. Anayeunguza ni Mwenyezi Mungu, na maandamano hayo ni desturi Aliyoiweka. Zaidi ya miaka 600 baadaye, mwaka 1739, David Hume wa Uskoti alifikia karibu jambo lilelile bila kumtaja Mungu: tuna mazoea ya kuona hili likifuata lile, basi. Ibn Rushd wa Cordoba hakukubali. Alimjibu Al-Ghazali kwamba vitu vina maumbile yake, na anayefuta sababu amefuta akili yenyewe, kwa kuwa kujua si kitu kingine ila kujua sababu.

Uzoefu wa kadi za TV unampa kila mmoja sehemu yake. Al-Ghazali ameeleza vizuri zaidi kile ambacho fundi anakijua kweli: nilihamisha, ikafanya kazi. Ila Ibn Rushd ndiye anayemfaa mteja anayetaka tatizo lisirudi mwezi ujao, kwa sababu tiba isiyojua sababu yake haijui mipaka yake. Siku mtu akiongeza kadi ya mtandao kwenye sloti iliyobaki, kimya kitarudi na fundi atakuwa hana sloti ya kuhamia.

Tena maumbile ya kitu si lazima yawe ndani ya kitu chenyewe. Watumiaji wa Linux walijifunza hili kwa tabu. Kadi nyingi za wakati ule zilibeba chipu moja, Bt878, na draiva yake iliitwa bttv. Picha ilipatikana karibu kila mara. Sauti ilipitia swichi ndogo kwenye kadi, na kila mtengenezaji aliiunganisha swichi hiyo na miguu ya chipu kwa namna yake. Kadi nyingi za bei nafuu hazikuwa na alama yoyote ya kujitambulisha, kwa hiyo mtumiaji alilazimika kuiambia draiva namba ya aina ya kadi. Akikosea namba, anaona picha safi na hasikii kitu. Chipu nzima, draiva sahihi, swichi nzima; kilichokosekana ni habari ya jinsi vilivyofungamana. Kulikuwa na mtego mwingine pia: sehemu ya sauti ya Bt878 ilijiandikisha kama kifaa cha sauti, ingawa ilijua kupokea tu wala si kupiga. Ikitangulia kuandikishwa, inakuwa ya kwanza kwenye orodha, na nyimbo zote zinatumwa kwa kifaa kisicho na mdomo.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko hewani. Kenya na Ujerumani zilirusha televisheni kwa mfumo wa PAL ambao sauti yake ilikaa megahezi 5.5 kutoka kwenye wimbi la picha. Uingereza iliiweka megahezi 6.0. Kadi iliyonunuliwa London kwa ajili ya mfumo wa huko, ikichomekwa Mombasa, ingeonyesha picha bila shida na kuitafuta sauti mahali ambapo haikuwapo. Mtambo wa kurushia hauna kosa, kadi haina kosa, mnunuzi hana kosa. Kosa lipo, na linasikika.

Lipo kwenye mapatano. Na hapa ndipo wengi wanapoteleza: wakishakubali kwamba hakuna mkosaji, wanadhani pia hakuna anayewajibika. Wengine husema ni bahati mbaya, wengine husema ni kudra, na mashine inabaki bubu. Mwaka 2001 watumiaji wa mbao mama zenye chipu ya VIA 686B walikuta mafaili yao yanaharibika yanapohamishwa kutoka diski moja kwenda nyingine, hasa kompyuta ikiwa na kadi ya Sound Blaster Live! Mabishano juu ya nani alaumiwe, mwenye chipu au mwenye kadi ya sauti, yalikuwa makali. Marekebisho hayakungoja hukumu. VIA ilitoa kiraka, watengenezaji wa mbao mama wakatoa matoleo mapya ya BIOS, na mafaili yakaacha kuharibika. Aliyekuwa na uwezo wa kurekebisha alirekebisha. Hoja ya nani alikosea iliachiwa wenye muda wa kubishana.

Kutenganisha mambo hayo mawili, hatia na wajibu, ni kazi ambayo dini na sheria zimeifanya zamani: mdhamini hulipa deni asilolikopa, na hakuna anayemwita mwizi. Ni ajabu kwamba karakana, mahali pa watu wa vitendo, ndipo panapong'ang'ania kutafuta mhalifu kabla ya kushika bisibisi.

Uhaba wa njia za IRQ umekwisha. Katika mfumo wa PCI Express vifaa hutuma maombi kwa ujumbe badala ya kugombea nyaya, na kifaa kimoja kinaweza kutengewa hadi aina 2048 za ujumbe. Kadi zenyewe za zamani zimepoteza kazi: Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam mwisho wa Desemba 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015. Mgogoro wa nani atangulie, hata hivyo, uko hai. Kadi ya picha yenye HDMI hujitambulisha kama kifaa cha sauti, na kompyuta ikiichagua kuwa ya kwanza, muziki unapelekwa kwenye skrini isiyo na spika. Hakuna kiwanda kinachoweza kujua mapema nani ana spika wapi. Kupanga upya orodha hiyo ni kubofya mara mbili tatu, na kazi hiyo imebaki mikononi mwa mwenye kompyuta.