Muda wa Kuazima

Mtu mwenye kazi na watoto akisema anarudi shule, watu humpongeza, kisha humpa ushauri uleule: panga muda wako vizuri. Ushauri huo unachukulia kwamba muda ni wake, na nadhani ugumu wote unaanzia hapo. Saa za mchana ameshaziuza kwa mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu hadi saa 45 za kawaida kwa wiki, na foleni ya Mbagala au Mbezi jijini Dar es Salaam haimo katika hesabu hiyo. Zinazobaki ni za watoto, na mtoto mdogo hajui kugawa. Anayesoma katika hali hii hana cha kupanga. Anaazima muda wa watu wengine, na maswali ya kumuuliza ni yale ya mkopo wowote: umeazima kwa nani, naye alikubali, na utamrudishia nini?

Jirani yangu ni muuguzi mwenye cheti, anasomea stashahada huku akiendelea na zamu. Anafika nyumbani giza limeshaingia. Anakagua daftari la hesabu la mwanawe wa darasa la tatu, anamwogesha mdogo, kisha anasikiliza kisa cha penseli iliyoibwa darasani, na anakisikiliza hasa, maana mawazo yake yakihama kidogo tu mtoto humshika kidevu na kumgeuza uso. Saa nne usiku ndipo anafungua noti zake. Huziweka juu ya friji na kusoma amesimama. Akikaa, usingizi unamchukua. Siku moja alinionyesha hesabu aliyokuwa akiifanya. Dripu ya mililita 500 iishe kwa saa nne, seti inatoa matone 20 kwa kila mililita: yanakuja matone 42 kwa dakika. Amefungua dripu miaka mingi, mkono umeshazoea kasi. Sasa anajua mkono wake ulikuwa ukikadiria nini, na kwa mgonjwa gani makadirio hayo yasingetosha.

Sijui kama kijana wa miaka 19 anaweza kuipata furaha niliyoiona usoni pa jirani yangu. Kwake yeye swali lilitangulia, somo likaja baadaye. Kijana hupewa jibu kwanza, akae nalo mpaka maisha yamuulize. Ndiyo maana siafikiani na Aristotle, aliyeandika katika kitabu chake cha Siasa kwamba raia wa dola iliyo bora wasiishi maisha ya mafundi wala ya wakulima, kwa kuwa kuilea fadhila na kuongoza dola kunataka nafasi. Muuguzi huyu anafikiri vizuri kwa sababu anafanya kazi. Lakini upande wa pili wa hoja ya Aristotle bado umesimama, na ndio unaonisumbua. Alijua, na hakuficha, kwamba nafasi ya mtu mmoja kutafakari inatoka katika jasho la mwingine. Katika nyumba ya Kiyunani huyo mwingine alikuwa mtumwa. Basi na sisi tuulize: saa nne usiku, wakati noti ziko juu ya friji, ni nani aliyekwisha kupika, kufua na kuosha vyombo?

Mume yupo, na anamtia moyo mkewe kwa dhati. Ila katika nyumba nyingi ninazozijua, muda wa baba ndio pekee unaohesabiwa kuwa mali yake binafsi. Sheria hiyohiyo ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 na baba siku 3, na desturi imeendelea kuhesabu hivyohivyo mpaka watoto wanapokuwa watu wazima. Baba akirudi chuo, nyumba nzima inanyamaza apate kusoma. Mama akirudi chuo, anasubiri nyumba inyamaze.

Aliyepika ni dada wa kazi. Amemaliza darasa la saba, hakuendelea, akaletwa mjini na shangazi yake. Anaamka kabla ya wote na analala mwenye nyumba akishalala. Jirani yangu akipata stashahada, tutampigia vigelegele, na anastahili. Tutasema amejitahidi mwenyewe, na hapo tutakuwa tumesema uongo. Kurudi shule kwa mwanamke mmoja kumesimama juu ya msichana mwingine aliyeachia shule njiani. Hilo si kosa la jirani yangu. Ni namna tulivyojipanga, na tunaiona ya kawaida kiasi kwamba dada akikutwa ameshika kitabu, wapo wanaouliza amekosa kazi gani.

Nchi hii ilipata kuliona jambo la elimu ya watu wazima kwa macho mapana zaidi. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alitoa hoja kwamba watu wazima waelimishwe kwanza, kwa kuwa mchango wa watoto katika uchumi ungekuja baada ya miaka mingi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa kwa sheria. Katika fikra ile, mtu mzima kujifunza lilikuwa jukumu la wote, kwa hiyo na gharama yake ilikuwa ya wote. Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kiliendeleza sehemu ya fikra hiyo: mwanafunzi asilazimike kuacha kazi wala kuhama nyumbani. Nakiheshimu sana. Lakini chuo kikishamfuata mtu nyumbani kinamkuta kwenye masufuria, na masufuria hayo hayamo katika mtaala.

Tunapenda kumtaja Mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Aliwapa wengi ujasiri. Hata hivyo, kwa umri ule mzigo mzito wa malezi huwa umeshapita. Ujasiri wa mwenye miaka 34 ni wa aina nyingine, kwa sababu anayoyatoa si yake peke yake. Ni ya watoto pia, nao hawakuulizwa. Wengi hujitetea kwamba wanasoma kwa ajili ya maisha ya baadaye ya hao watoto. Sipendi utetezi huo. Mtoto wa miaka minne anamtaka mama wa leo, na utoto hauwekwi akiba. Kinachoweza kumfidia ni kile anachokipata sasa hivi: kumwona mtu mzima anayempenda akikosea, akifuta, akiuliza tena bila aibu. Wapo watu wengi wanaofika uzeeni bila kuonyeshwa hilo.

Na dada afidiwe kwa nini? Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka kazi ya nyumbani anayoifanya kijana chini ya miaka 18 isimzuie kuendelea na masomo au mafunzo ya ufundi. Mimi sioni kwa nini haki hiyo ikome siku anapotimiza 18. Ipo njia: asiyepita kidato cha pili hufanya Mtihani wa Maarifa, ule uitwao QT, kisha akafanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ada na vitabu hupatikana, kwa shida. Kigumu ni saa mbili za jioni, na saa hizo ziko mikononi mwa watu wawili tu katika nyumba ile: anayesoma amesimama, na mumewe, ambaye anaweza kuanza leo kwa kuosha vyombo.