UDUGU WA TARIKA: DENI LAKE NA MPAKA WAKE

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya: huulizwa swali katika mabaraza ya pwani, na huulizwa pia na ndugu zetu wa bara, kutoka Tabora hata Ujiji na vijiji vya ufuo wa Ziwa Tanganyika kama Mwamgongo. Nalo ni hili. Mwenyezi Mungu amekwisha kuwahukumia waumini kuwa ni ndugu, katika Sura ya Hujurat, aya ya 10. Basi mtu aliye ndugu wa Waislamu wote kwa hukumu ya Mola wake, akenda akampa sheikh mkono, akaingia katika tarika, akaitwa ndugu wa watu hawa na hawa, amepata nini ambacho hakuwa nacho jana?

Swali hili hukata kuwili. Ikiwa udugu wa tarika hauamrishi illa yale ambayo Mwislamu amekwisha kuwiwa na kila Mwislamu, basi umekuwa kazi ya bure. Na ikiwa unampa ndugu wa tarika kitu ambacho Mwislamu mwingine anyimwa, basi umekuwa dhuluma, tena dhuluma iliyovikwa kilemba. Wako waliotaka kuikataa tarika kwa hoja hii, na wako wafuasi wa tarika walioikimbia wasiijibu. Wote wawili hawakuitendea haki.

Jawabu yake hupatikana katika mlango wa faradhi ya kifaya. Kumwosha maiti, na kumkafini, na kumsalia, na kumzika, ni deni la Waislamu wote; wakilifanya wachache wamesalimika wote, wakiliacha wote wamepata dhambi wote. Walakini deni la watu wote lina udhaifu wake, nao ni kwamba kila mtu humtazama mwenzake. Maiti mwenye ukoo hakosi mabega ya kumchukua. Mgonjwa mwenye wana na ndugu wa tumbo moja hakosi wa kumpa maji. Aliye mgeni, asiyejulikana babaye wala mjombawe, ndiye ambaye deni la wote huelekea kuwa si deni la mtu. Hapo tarika huja ikawataja watu kwa majina yao: wewe fulani, na wewe fulani, huyu ni wenu. Haikuzua wajibu mpya. Imeuondoa wajibu wa zamani katika midomo ya watu ikautia mikononi mwao.

Na mfano wake ni nadhiri. Katika madhhebu ya Imam Shafii, sadaka ya sunna mtu akiiwekea nadhiri imekuwa ni wajibu juu yake. Haikuwa wajibu juu ya jirani yake, wala nadhiri ile haimpi ruhusa ya kutia mkono katika ghala ya jirani ili aitimize. Kadhalika ahadi ya tarika huongeza deni, wala haiongezi haki. Mwenye kuingia amejitwika, hakujikatia fungu. Atakayelishika neno hili ataona mzozo mwingi wa mambo haya ukijifungua wenyewe.

Asili yake iko Madina. Katika mwaka wa kwanza wa Hijra, yaani 622, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaunga udugu Muhajirina waliotoka Makka bila ya mali na Ansari wenyeji wa mji, mtu kwa mtu. Saad bin Rabii alimtolea Abdurahmani bin Auf nusu ya mali yake, naye Abdurahmani akamwombea baraka, akauliza soko li wapi. Hapa watu husimulia ukarimu wa Saad wakapita, na ukarimu wa mwenzake haupungui: mmoja alitimiza deni lake, wa pili hakuligeuza deni lile kuwa haki yake. Tena mwanzoni ndugu hawa walikuwa wakirithiana, hata hukumu hiyo ikaondolewa, na mirathi ikarudishwa kwa jamaa wa nasaba kama ilivyo katika Sura ya Anfal, aya ya 75. Ibn Abbas amepokewa akieleza kwamba urithi ule uliondoka, yakabaki kusaidiana na kunasihiana, na kuusiana kwa mwenye kutaka. Yaani haki iliondoka na deni likabaki. Tarika zote zilizokuja baadaye hazikupewa zaidi ya hilo lililobaki.

Tarika iliyoenea zaidi Ujiji na katika ufuo ule ni Kadiria, iliyonasibishwa na Sheikh Abdulkadir Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 561 wa Hijra, nao ni 1166. Mtu aliyeieneza sana katika nchi zetu ni Sheikh Uwais bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847, akasafiri mpaka Baghdad, akarudi na ijaza, na katika miaka ya 1880 akafika Unguja katika zama za Sayyid Barghash. Mpango wake si mgumu. Murid hutoa ahadi mkono katika mkono, akapewa uradi wa kusoma. Juu yake yuko nakibu, mwenye kutengeneza safu za hadhara na kuangalia adabu. Juu ya nakibu yuko khalifa, aliyepewa ijaza ya kuwapokea wengine, na juu ya khalifa yuko sheikh. Ijaza ile hutaja silsila: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, hata kumfikia Sheikh Abdulkadir, na kutoka kwake hata kwa Mtume. (Mzozo wa dufu na wa dhikri ya kukohoa umekwisha kula wino mwingi, hauna mahali katika karatasi hizi.)

Silsila hiyo haikuwa jambo dogo kwa watu wa zama zile, na asiyefahamu sheria ya wala hatafahamu kwa nini. Sababu za kurithi ni ndoa, na nasaba, na wala. Mtumwa aliyeachwa huru hana nasaba ijulikanayo. Akifa bila ya warithi, mrithi wake ni yule aliyemwacha huru au asaba zake. Hata baada ya utumwa kuondolewa kwa kanuni ya serikali, Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, watu waliendelea kuulizana barazani: huyu ni mtu wa nani? Misafara ya Manyema ilivuka Ziwa Tanganyika ikapita Ujiji na Tabora ikateremka Bagamoyo, na wengi katika waliopita njia ile walifika pwani hawana jina la babu.

Mmoja katika wao alikuwa Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya. Asili yake Manyema. Aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto, akiwa mtumwa. Akasoma, akapata ijaza ya Kadiria, akawa ndiye sheikh wa tarika katika mji ule, na waungwana wenye nasaba ndefu wakaketi mbele yake kujifunza. Akafariki mwaka 1931, akakaa mahali pake mwanawe Muhammad. Na katika hilo hakuna ubaya, maadamu ijaza hutolewa kwa elimu wala haigawanywi kama mashamba ya minazi. La kuzingatia ni kwamba mtu aliyeulizwa ni wa nani alipata jawabu isiyomrudisha kwa bwana wake: silsila yake. Na tarika ikapanda bara kwa njia ile ile waliyoteremkia watumwa. Wenye kusema kwamba udugu huu haukuongeza kitu juu ya udugu wa Kiislamu husema kweli katika fikihi. Lakini mabaraza ya Bagamoyo yalikuwa na Uislamu tangu zamani, na mtu wa Manyema alikuwa akikaa ukingoni mwa jamvi.

Hata hivyo udugu uliofungwa kwa ahadi una hatari yake, na haifai kuificha. Sheikh Uwais mwenyewe aliuawa Biyole, katika nchi ya Somali, mwaka 1909, na waliomwua walikuwa Waislamu, wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan wa tarika ya Salihia. Yalikuwamo na mambo ya utawala na ya vita na Wazungu. Lakini yalikuwamo pia maneno ya tarika na tarika, ipi ya haki na ipi ya upotofu. Watu waliosoma shahada moja walimwaga damu ambayo shahada ile imeiharimisha. Hapo udugu ulikuwa umekwisha kudai haki juu ya walio nje, na haki ya kwanza waliyonyang'anywa walio nje ilikuwa uhai.

Wala jambo hili si la Waislamu peke yao. Huko Marekani wanafunzi wa vyuo vikuu wana udugu wa kuapiana, wenye majina ya herufi za Kiyunani. Wa kwanza katika wao, Phi Beta Kappa, uliundwa katika chuo cha William and Mary, Virginia, mwaka 1776, nao ulikuwa na siri zake hata zilipoachwa mwaka 1831. Mwaka 1906 wanafunzi saba weusi wa chuo cha Cornell waliunda wao udugu wa Alpha Phi Alpha, kwa sababu wanafunzi weusi walikuwa wachache na wapweke mahali pale, na milango ya wengine ilifungwa kwao. Atakayewakumbuka watu wa Manyema Bagamoyo hatawastaajabia vijana hao saba. Lakini katika udugu wa namna hii, weupe kwa weusi, imeingia desturi ya kumtesa anayetaka kuingia, kumpiga na kumnywesha ulevi, na vijana wamekufa kwa hayo. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mlango ukiwa na faida kubwa nyuma yake, ya vyeo na kupendeleana maisha yote, bawabu hupata nguvu ya kumfanyia mpitaji atakavyo. Tarika ambayo murid wake huingia kwa kutaraji biashara ya sheikh au cheo mjini imekwisha kuijongelea desturi hiyo, ijapokuwa hakuna fimbo.

Sasa na iletwe masala ambayo mtu wa pwani aweza kuiona ndogo, na watu wa ziwani wajua uzito wake. Mwamgongo ni kijiji cha wavuvi kaskazini ya Kigoma, kimebanwa baina ya maji na milima, kando ya hifadhi ya Gombe, na watu huenda huko kwa boti. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, kwa kuwa mwanga wa mbinguni huishinda taa. Ng'ambo ni Kongo, na watu wa pande mbili wamechanganyika tangu kabla ya mipaka.

Ikadiriwe kwamba mvuvi mmoja wa ng'ambo amekaa hapo miaka ishirini, mtu wa tarika, asiyekosa hadhara katika siku za mbalamwezi. Hana mke wala mtoto. Akaugua, ndugu wa tarika wakamwuguza. Akafa, wakamwosha, wakamsalia, wakamzika. Ameacha mtumbwi, na nyavu, na taa, na fedha zilizo kwa mnunuzi wa dagaa. Hakusikiwa akimtaja jamaa illa mara moja, kwamba anaye ndugu upande wa Baraka, nao hawajapelekeana salamu tangu alipovuka. Wale ndugu wakasema: huyu alikuwa wetu, na nyavu zake ziilishe zawia. Je, yafaa?

Haifai. Kwanza hutoka gharama za maziko, ikiwa waliozitoa hawakuzitoa kwa sadaka. Kisha madeni yake. Kisha wasia wake, usiozidi theluthi. Kama aliusia theluthi kwa zawia, ni halali yao bila ya shaka. Kilichobaki ni cha yule ndugu wa Baraka, ijapokuwa hakumpa maji wala hakujua kaburi lake. Na asipopatikana yeye wala mrithi mwingine, mali ni ya Baitulmali; na wamesema wanazuoni wa baadaye wa madhhebu yetu kwamba Baitulmali isipokuwa katika utengenevu, hupewa jamaa wa tumboni wasio na fungu, na wakikosekana hao pia, mwaminifu huitumia katika maslaha ya Waislamu. Huo ndio mlango pekee ambao zawia yaweza kuujia, nao ni wa mwisho.

Moyo huona uzito hapa, na uzito huo ni wa haki. Waliokesha hawapati, na asiyekuja apata. Lakini lau wangelipewa mtumbwi kwa kukesha kwao, kukesha kule kungalikuwa ni kazi ya ujira, na mgeni mwingine, asiye na mtumbwi wala nyavu, angaliugua Mwamgongo watu wakahesabu kwanza alicho nacho. Ndipo ikafahamika kwa nini urithi wa udugu uliondolewa Madina hali kusaidiana kulibakishwa. Fungu lingaliuharibu mkono unaomshika mgonjwa.

Limebaki la kufanya, nalo halingoji, kwa kuwa nyavu huoza na mtumbwi hupasuka juani. Khalifa wa mahali hapo na aandike kila kitu mbele ya mashahidi wawili waadilifu, na deni lililo kwa mnunuzi wa dagaa liandikwe pamoja. Msimamizi wa mirathi na ateuliwe katika Mahakama ya Mwanzo, ili asije mtu akauza kwa jina la zawia. Mtumbwi ukikodishwa, kodi yake ni ya mrithi; ukihofiwa kuharibika, uuzwe na thamani yake iwekwe amana. Na khabari ipelekwe kwa wenye boti wa Kigoma, na isomwe baada ya sala ya Ijumaa Ujiji, na ivushwe mpaka Baraka na Uvira pamoja na jina la marehemu na la babaye, ikiwa lajulikana. Wallahu aalam.