Ufuasi wa Kristu na Kopo la Maharagwe

Mkatekumeni wa milima ya Masisi hushika sala upesi. Baada ya miezi michache Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki zimo kinywani mwake, naye aweza kuzitaja Amri Kumi bila kukosea hata moja. Basi huuliza: kwa nini Kanisa linakawia kumbatiza? Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza watu wazima watayarishwe kwa miaka minne. Wengine waliona kwamba ni ukali mno. Lakini Kardinali alijua kuwa kinywa hujifunza kwa miezi, na mkono hujifunza kwa miaka.

Mkono ndio wenye shida. Siku ya soko mama mmoja anauza maharagwe kwa kopo. Kitako cha kopo kimegongwa hata kikaingia ndani, hivi kwamba kopo likijaa juu, chini limepungua. Wauzaji wote wa mstari ule wamefanya vivyo hivyo. Mama huyu ni mkatekumeni, mumewe amekufa, na watoto wanne wanamngojea nyumbani. Akitumia kopo zima, faida yake itapotea. Je, akifanya kama wenzake amevunja amri ya saba? Swali hili si la mchezo, na mwalimu anayelijibu kwa haraka labda hajalala njaa.

Kwanza litazamwe kwa haki. Kama kila mnunuzi anajua kipimo kilivyo, na bei imekubaliwa kwa kipimo hicho, hakuna aliyedanganywa. Lakini mtoto aliyetumwa na mamaye hajui. Mkimbizi aliyefika jana kutoka upande wa Walikale, mwenye kitenge kimoja na sufuria moja, naye hajui. Hao ndio wanaopunjwa, na Mungu huwaangalia hao kwanza. Kwa hiyo desturi ya soko haiwezi kumwosha muuzaji, maana dhambi ya wengi hubaki dhambi.

Nchi hii ya Kivu ya Kaskazini imepewa mfano, tena wa mtu wa ofisini, si wa padri wala mtawa. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio. Huko aliwatumikia watoto wa barabarani, wale ambao watu wa mjini huwaita maibobo, akawasaidia kusoma. Halafu akapata kazi katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, hapo mpakani Goma. Ikaletwa shehena ya mchele ulioharibika. Wenye mali walimpa fedha ili aupitishe, naye akakataa. Wakaongeza, akakataa tena. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Umri wake ulikuwa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo huko Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenye heri na shahidi.

Hapo wengi hushangaa. Shahidi, kwa ajili ya mchele? Hakuna aliyemwambia amkane Kristu. Hakuna aliyemwonyesha sanamu aiabudu. Angaliweza kuzipokea fedha, akaungama Jumamosi, akawanunulia maibobo vitabu. Tena angalikataa au asikataliwe, mchele ungalipata njia nyingine! Maneno hayo yana nguvu, na kila mwenye kazi ya mshahara mdogo huyasikia moyoni mwake. Lakini wangalioula mchele ule ni akina nani? Ni maskini wa Goma, wanunuao kilicho rahisi, na wale watoto wenyewe aliowafundisha. Kumpenda Kristu Jumapili na kumlisha sumu Jumatatu katika mwili wa maskini hakuwezekani. Naye hakutakiwa kuzuia mchele wote wa dunia. Alitakiwa asiuze muhuri ulio mkononi mwake.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Kanisa linawatuma waamini wakatafute kifo. Bwana wetu mwenyewe aliwaambia mitume kwamba wakifukuzwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Kijana atokaye Walikale na mzigo wake, akikuta kizuizi cha wenye silaha, akatoa faranga ili apite, hajauza haki ya mtu yeyote. Amenyang'anywa, wala haimpasi kuungama umaskini aliotiwa na wengine. Dhambi ni ya mwenye bunduki. Lakini kijana huyo akikubali kuwaonyesha nyumba ya jirani yenye mbuzi ili yake iachwe, hapo amevuka mpaka mwingine. Hofu yaweza kupunguza hatia yake mbele ya Mungu. Haiwezi kulifanya tendo liwe jema. Tofauti hii yafaa ifundishwe polepole, kwa maana katika milima hii watu wengi wanalia kwa makosa yasiyo yao, na wengine wanalala vizuri juu ya yale yaliyo yao.

Na yule mama wa maharagwe? Yeye hakuombwa damu. Ameombwa kopo lisilogongwa, na pengine chakula kidogo zaidi jioni kwa muda. Atachekwa na wenzake kwa majuma kadhaa, kisha baadhi ya wanunuzi wataanza kumtafuta. Au hawatamtafuta, nayo hiyo yaweza kutokea. Wakristu wa jumuiya yake wasimwache peke yake katika hasara hiyo, maana wao pia hununua maharagwe.

Kuhusu yale aliyokwisha kuyapunguza, Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Mama hawajui aliowapunja, wametawanyika. Basi awape maskini kiasi kile kile, polepole, kadiri awezavyo, bila kutangaza. Wakimbizi wako karibu, nyuma ya shule, na kopo lake zima laweza kuanzia kwao.